Nakala Tisa

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka 11, darasa la tano, Lindi. Usiku mmoja baada ya isha bibi yangu alinikalisha mkekani, akasogeza kibatari, akaniwekea kalamu ya wino na daftari jipya alilolinunua kwa hela ya maandazi. Mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa mtaani. Kutoka kwenye pindo la kanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Haya mume wangu, andika, na usiruke hata neno."

Ilikuwa habari ya ndoto. Mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume huko Madina, ameota akiambiwa kwamba umma umepotoka na Kiyama kimekaribia. Atakayeinakili barua hii na kuisambaza atafunguliwa riziki na madeni yake yatalipwa. Atakayeificha atapata msiba. Niliinakili mara tisa, kwa usiku mbili, mpaka kidole kikafanya sugu. Kisha Bibi akavaa baibui akazipeleka kwa miguu yake: kwa majirani, kwa shemeji yake aliyekuwa mgonjwa, msikitini, na moja akampa nahodha aliyekuwa akipandisha tanga kwenda Kilwa. Hakuwa mjinga Bibi. Alikuwa na watu anaowapenda, na karatasi imemwambia wako hatarini.

Baadaye niliajiriwa posta, nikachambua barua za watu kwa karibu miaka 20, na barua za aina hiyo nilizitambua hata kwa bahasha: mwandiko mmoja, bahasha nyingi, hakuna jina la mtumaji. Lakini ni baada ya kustaafu, nilipoanza kusoma historia ya mji wetu, ndipo nilipogundua kwamba karatasi ile ya Bibi ilikuwa imeshapita Lindi kabla hata yeye hajazaliwa.

Julai 1908 maofisa wa Kijerumani waliikuta Lindi, kwa Kiarabu, ikipita mkono kwa mkono. Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wao vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma yake. Kusini kote kulikuwa na njaa na makaburi mapya, na serikali ya Gavana Rechenberg ilikuwa ikishtuka hata jani likianguka. Wakaiita barua ya Makka. Nakala zake zikaonekana katika miji mingine ya pwani, na bara mpaka Tabora. Wajerumani waliamini imetoka Zanzibar, wakamshuku Rumaliza, yule mfanyabiashara aliyewahi kuwa na nguvu Ujiji na kando ya Ziwa Tanganyika. Msomi wao Carl Heinrich Becker aliichapisha mwaka 1911 katika uchunguzi wake juu ya Uislamu wa koloni lao hapa kwetu. Walikuwa wakitafuta uasi mwingine.

Walichokishika mkononi kilikuwa kitu cha zamani kuliko koloni lenyewe. Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa ameshaandika juu ya wasia huohuo mwaka 1884, ulipokuwa ukizunguka katika visiwa vya Indonesia ya leo. Rashid Rida, mhariri wa jarida la al-Manar kule Cairo, aliukanusha mwanzoni mwa karne ya 20. Miongo kadhaa baadaye Sheikh Ibn Baz wa Saudia, nchi yenye kaburi lenyewe, naye akalazimika kuandika waraka mzima wa kusema ni uongo. Mtunzaji ni yuleyule Ahmad, hazeeki wala hafi, na kila kizazi ndoto yake ni ya juzi tu. Nadhani Wajerumani hawakumpata mwandishi kwa sababu walimtafuta mtu mmoja mwenye njama. Barua ya namna hii mwandishi wake ni yule anayeinakili sasa hivi, na huyo ni mtoto wa darasa la tano mwenye kibatari.

Bibi yangu aliendeshwa na hofu. Huruma iliingia kwenye mnyororo wa barua hizi kwa mlango mwingine, na iliingia kwa nia njema kabisa. Mwaka 1888 shule moja ya kuwafundisha wanawake wamisionari huko Chicago ilikuwa imebanwa na madeni. Wakabuni barua inayomwomba kila anayeipata atume senti 10, kisha ainakili kwa rafiki zake watatu. Zilipatikana zaidi ya dola 6,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Miaka 10 baadaye, Marekani ilipokuwa ikipigana na Hispania, msichana wa miaka 17 wa Long Island, Natalie Schenck, alitumia njia hiyohiyo kuwanunulia barafu askari waliokuwa Cuba. Posta ya kijiji chao cha Babylon ilipokea barua 3,500 kwa siku moja.

Mimi niliyefanya kazi hiyo namwonea huruma karani wa Babylon. Kila mmoja akiwaandikia watatu, mzunguko wa kumi peke yake ni barua 59,049. Na barua ikishatoka haina mtu wa kuirudisha. Barafu imeshanunuliwa, vita vimekwisha, senti bado zinakuja. Ubaya wa mwanzo wa barua hizi ndio huo, hata pale ambapo hakuna mwizi: aliyeianzisha hana uwezo wa kuizima.

Aliyeonja hilo kuliko wote ni mtoto wa Kiingereza, Craig Shergold. Aliugua uvimbe kwenye ubongo, na mwaka 1989 watu wake wakaomba apelekewe kadi za kumtakia afya ili aingie kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka uliofuata kadi zilikuwa zimepita milioni 16. Tajiri wa Kimarekani, John Kluge, alisikia habari zake, akagharimia upasuaji huko Virginia mwaka 1991, na mtoto akapona. Hapo mtu angetegemea barua itulie. Haikutulia. Zilihesabiwa kadi milioni 33, Guinness wakaifuta rekodi hiyo, familia ikaomba watu waache, na barua ikaendelea kutembea ikibadilika njiani: jina la mtoto likakosewa, kadi za afya zikageuka kadi za biashara, na shirika la Make-A-Wish, ambalo halikuhusika, likabandikwa humo mpaka likabidi liweke namba ya simu ya kukanusha tu. Craig alikua, akawa mtu mzima, akafariki mwaka 2020. Kwenye barua alibaki mtoto anayekufa.

Ndipo ikaja barua pepe, na mwaka 1997 akaja Jessica Mydek. Huyu ana miaka saba, ana saratani adimu ya ubongo, na anaomba ujumbe wake uwafikie watu wengi. Kila unapomfikia mtu mpya, Shirika la Saratani la Marekani na makampuni fulani watachangia senti tatu. Shirika lilikanusha hadharani. Jessica hakuwahi kuwepo. Craig alikuwa na mama, daktari na makovu. Jessica alikuwa maneno matupu, na maneno hayo yakaota watoto wengine wengi wenye majina mengine na magonjwa mengine, senti zikiwa zilezile tatu.

Nilikutana na mmoja wa watoto hao Magomeni mwaka 2002. Mwanangu alikuwa amefungua kafe ya intaneti, kompyuta sita, nami nakaa mlangoni kupokea hela na kuangalia muda. Alikuja mama mmoja muuguzi, mteja wetu wa kila Jumamosi, akamaliza nusu saa yake bila kusoma barua ya mdogo wake aliyekuwa ng'ambo. Alikuwa akilia. Akaniomba nimsaidie kuituma habari ya mtoto kwa anwani zote alizonazo. Niliposoma nikahisi harufu ya kibatari cha Bibi.

Nilimuuliza kama muuguzi: mgonjwa huyu yuko hospitali gani? Akatazama tena. Hakuna. Daktari? Hakuna. Tarehe? Imeandikwa "leo asubuhi", lakini juu yake zilipangana alama za kusambazwa, moja juu ya nyingine, zinazoonyesha ujumbe umezunguka miezi. Kisha nikamuuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo kubwa: nani anahesabu? Barua ya kawaida ikipita posta inagongwa muhuri, na bado sisi tusingeweza kukwambia imenakiliwa mara ngapi baada ya kufika. Barua pepe ikishatoka kwako kwenda kwa rafiki, kampuni ya tatu haina namna ya kuiona ikipita. Senti tatu hazina wa kuzitoa kwa sababu hakuna anayejua ujumbe umewafikia wangapi. Na taasisi iliyo tayari kumtibu mtoto haimwekei sharti la umaarufu.

Nikamwonyesha jambo jingine. Ndani ya ujumbe ule mlikuwa na anwani zaidi ya 200 za watu, zimeachwa na kila mkono uliopita. Mtu anayekusanya anwani za kutumia matangazo ya uongo akiupata ujumbe kama huo amepata ghala lililo wazi. Mama aliufuta. Hakunishukuru siku ile, na nilimwelewa: nilikuwa nimemwondolea mtoto aliyekwisha kumpenda.

Tukiwa bado tunawaza kuwa hasara ni machozi na anwani tu, ikaja M-Pesa ya kutuma hela kwa simu: ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Ni neema, mimi mwenyewe napokea hela za wanangu kwa njia hiyo. Lakini sasa mnyororo wa kwenye simu nao ukapata mfuko wa kutilia fedha. Picha ya mtoto mwenye mipira puani, maelezo mafupi, na chini yake namba ya simu. Mara nyingi mtoto ni wa kweli, picha imechukuliwa kwa mzazi aliyeomba msaada kwa haki, namba tu ndiyo imebadilishwa. Hili linanikera kuliko yote yaliyotangulia, maana anayeibiwa hapo ni mgonjwa.

Wala simaanishi watu wasichange. Mwaka 2011, wakati wa ukame, Wakenya walichangiana kwa simu katika Kenyans for Kenya. Nyuma yake palikuwa na Msalaba Mwekundu, namba iliyotangazwa redioni na magazetini, na hesabu iliyosomwa hadharani. Hata kwenye misiba yetu mweka hazina anajulikana nyumba yake. WhatsApp walijaribu kupunguza kasi: mwaka 2019 ujumbe ukabanwa usiende zaidi ya sehemu tano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliosambazwa sana, wenye mishale miwili, ukabaki na nafasi moja tu kila mara. Nilifurahi. Walikuwa wanarudisha kidogo ule uzito wa usiku mbili na kidole chenye sugu.

Mwaka jana mpwa wangu aliweka kwenye grupu la ukoo picha ya mtoto mwenye tumbo lililovimba, anahitaji upasuaji kabla ya Ijumaa, tuma chochote. Alikuwa ameshatuma shilingi 20,000 na ameipeleka kwenye magrupu mengine manne: kazini, kwaya ya jirani yake, wazazi wa shule, na vikoba. Nikampigia aje nyumbani. Tukaipiga ile namba pamoja, simu ikiwa mezani, sauti imefunguliwa. Mwanamume akapokea kwa upole.

"Shikamoo mzee. Ahsante kwa moyo wako."

"Marahaba. Mtoto amelazwa wodi ipi? Nina binti hapo hospitali, atapita kumwona."

Kimya. Tukasikia pikipiki zikipita upande wake. Kisha simu ikakatika, na tulipopiga tena haikupatikana.

Mpwa wangu alitaka kufuta picha ile basi. Nikamwambia kuifuta hakutawajulisha waliokwisha kuipata kwamba ni uongo, na wengine wameshaipeleka mbele. Akakaa kwenye mkeka barazani akaanza kuwaandikia, mmoja mmoja, kwa majina yao: shangazi, ile niliyokutumia asubuhi si kweli, tumepiga simu, tafadhali nawe mwambie uliyempa. Wengine walimjibu kwa hasira. Mmoja alikuwa ameshatuma hela. Adhana ya magharibi ilimkuta bado anaandika, nikamwashia taa.