Waja Leo, Waondoka Leo: Kumtembeza Mgeni Jijini Tanga



Kila aliyekulia kwetu anaujua usemi wa "Tanga, waja leo waondoka leo". Wengine huutamka kwa majivuno, wengine kwa utani. Mwaka jana ulinirudia kwa namna nyingine. Mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa Bukoba, aliniomba nimtembeze Tanga siku mbili. Mimi ni mhasibu na huu ni mwaka wa 19 ninaishi Dar es Salaam. Nilidhani nitamwonyesha bahari, tule samaki, turudi. Kumbe alikuja na maswali. Kwa nini mitaa yenu ina namba? Nani alijenga hapa? Wenyeji walikuwa wanakaa wapi? Mengine niliyajibu, mengine nikabaki naangalia pembeni.

Katibu wetu aliposikia habari za safari ile alinitaka niiandike kwa ajili ya kijarida cha harambee ya mwaka huu. Nimefuata njia ileile tuliyopita, ili nawe ukipata mgeni, au mwanao aliyezaliwa ugenini akikuuliza, ujue pa kuanzia.

Stesheni na bandari

Anzia stesheni ya reli. Reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, Wajerumani wakiwa bado wageni pwani hii. Ilikwenda kwa kusuasua. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911.

Mwaka huohuo wa 1893 ndipo mkonge ulipoingia. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, mingi ikafia njiani, na iliyosalia baada ya safari yote ni 62 tu. Nimepitia vitabu vya biashara nyingi katika kazi yangu, lakini sijaona mtaji mdogo uliozaa kiasi kile. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiongoza duniani, na sehemu kubwa ilipakiwa melini hapahapa bandarini. Baada ya hapo kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mengine yakageuka pori. Ndiyo maana mgeni akipita Muheza na Korogwe huona mkonge pande zote mbili za barabara, halafu akifika mjini hushangaa kuona maghala makubwa yaliyotulia.

Mwambie pia mgeni wako kwamba mkonge haukujikata wenyewe. Mashamba yaliita vibarua kutoka Songea, Iringa, Kigoma, Unyamwezi, Burundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Neno hilo tunalitumia hadi leo kwa mzaha, lakini lilikuwa la watu wenye majina.

Mjini na Raskazone

Kutoka stesheni kuelekea baharini ndiyo mjini penyewe: benki, maduka ya zamani yenye baraza na vibao vya mbao, bustani inayotazama bandari, na boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Sogea hadi Bombo uone jengo la zamani la hospitali ya Wajerumani, lililojengwa juu ya jabali likitazama bahari. Ukitazama bandarini utaona kisiwa cha Toten. Jina hilo ni la Kijerumani, lina maana ya wafu, na kisiwani kuna magofu ya msikiti na makaburi ya zamani kuliko Mjerumani mwenyewe.

Endelea hadi Raskazone. Leo watu huenda kuogelea na kupunga upepo jioni. Mwezi Novemba mwaka 1914 hapo ndipo Waingereza waliposhusha jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wametoka India, kuja kuuteka mji uliolindwa na watu kama 1,000 chini ya Lettow-Vorbeck. Askari wengi wa upande huo wa Mjerumani walikuwa Waafrika. Tarehe 4 mapigano yakawa makali, na katikati ya mapigano nyuki walioghadhibishwa na risasi wakashuka kutoka mitini. Walimuuma kila mtu bila kuuliza ametoka upande gani, ingawa baadhi ya Waingereza waliamini ile ilikuwa hila ya Wajerumani. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Mji waliupata mwaka 1916.

Mwenzangu alicheka sana habari ya nyuki. Kisha akauliza, "Na watu wa Tanga siku hiyo walikuwa wapi?" Hapo nikamwambia tuvuke reli.

Ngamiani

Reli haikuleta treni tu, ilikuwa pia mpaka. Upande wa baharini walikaa Wazungu, wakifuatiwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Upande wa pili ulikuwa wetu. Wazee husema jina la Ngamiani limetokana na ngamia waliofanya kazi huko zamani. Mitaa ilinyooshwa kwa rula, ikapewa namba kuanzia barabara ya kwanza hadi kupita ya 20. Mgeni hawezi kupotea Ngamiani, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini namba ni mfupa tu, nyama waliiweka watu. Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwa hapa. Wakaja Wanyamwezi, Wamanyema, Wamakonde, Waha. Waliomaliza mkataba wa shambani wakapanga chumba, wakaoa, wakazika wazee wao hapa. Bendi iliyokuja kujulikana kama Jamhuri Jazz ilianza miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linakwambia waanzilishi walitoka wapi. Atomic Jazz nao wakapiga, na upande wa taarabu tukawa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyosikika pwani nzima. Kwenye mpira, Coastal Union wa barabara ya 11 na African Sports wa barabara ya 12 wametenganishwa na mtaa mmoja tu, lakini siku wakikutana Mkwakwani hata ndugu hawasalimiani. Mwaka 1988 Coastal walichukua ubingwa wa nchi, na mtu wa umri wangu aliyekuwa mtoto siku ile hajasahau.

Mtembeze mgeni kwa baiskeli kama anaweza. Tanga bado ni mji wa baiskeli, na bado utamwona mama mwenye baibui akipita zake taratibu na kapu la sokoni nyuma. Mle bajia na kachori jioni, mwache aulize maswali yake.

Nje ya mji

Siku ya pili tulikwenda mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yenye vyumba na njia nyembamba, popo juu, na mahali ambapo watu bado hupeleka sadaka na maombi yao. Muongozaji atakusimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni.

Kusini, kwenye barabara ya Pangani, kuna Tongoni, pamoja na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Nguzo nyingi zimeanguka. Mahali hapo pamekaribia fukwe za Mtangata, ambako meli moja ya Vasco da Gama ilikwama mwaka 1498. Alipokuwa akirudi mwaka 1499 aliichoma moto pwani hiyohiyo kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Naye alikuja, akaondoka.

Usirudi mjini kabla ya kufika Machui. Pale karibu, Vibambani, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na Machui ndipo alipozikwa mwaka 1962. Watu wengi wanamjua kwa mashairi. Mimi nampenda pia kwa sababu alikuwa karani wa forodha, mtu wa kuandika mizigo na ushuru mchana, halafu usiku akaandika vitabu ambavyo watoto wa nchi nzima wamevisoma. Wala hakuwa wa kwanza kushika kalamu huku. Shule ya serikali ya Tanga ilifunguliwa enzi za Mjerumani ikiwa ya kwanza katika koloni lile, na gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa hapo mwaka 1904, kwa Kiswahili.

Daftari la bibi

Kabla ya kuondoka, mwenzangu alitaka kuona nyumba niliyokulia. Nilimpeleka barabara ya 14, nikasimama mbele ya ghala la mabati.

Nyumba ya bibi, mama yake mama, ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na kisima uani. Bibi alifariki mwaka 2009. Warithi tulikuwa 11, na mimi ndiye niliyepiga hesabu. Niliandika gharama za matengenezo, kodi inayoingia, uchakavu, bei ya soko, nikawaonyesha mama zangu wadogo na wajomba kwamba kuuza ndiko kuna faida. Hesabu ile ilikuwa sahihi, na hata leo nikiirudia inatoka vilevile. Nyumba iliuzwa, mnunuzi akaibomoa mwaka uliofuata, na fungu langu lilikwisha zamani.

Nilichobaki nacho ni daftari la shule la kurasa 96, ambalo mama mdogo aliliokota kwenye sanduku. Ni daftari la kodi. Bibi alisoma chuoni tu, kwa hiyo mistari ya mwanzo ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na baadaye mkono wa mjomba unaendelea kwa Kirumi. Linaanza 1958. Kila mpangaji ana jina lake, jina la baba yake, mahali alikotoka, na shilingi alizolipa. Wapo wa Kasulu, Tabora, Masasi, Songea. Pembeni ya jina moja pameandikwa, "Mkewe amejifungua, mwezi huu asidaiwe." Pembeni ya jingine, "Amefariki, tumemzika sisi."

Shambani watu hao walikuwa namba. Kwa bibi walikuwa na majina, na wengine ni babu zetu sisi tunaokutana kwenye chama hiki. Katika hesabu zangu zote sikuweka mstari wa kitu kama hicho.

Harambee ya mwaka huu

Kamati imeshawatangazia kwamba mchango wa mwaka huu ni wa kukamilisha chumba cha kusomea katika shule ya msingi tuliyoianza mwaka juzi: dari, meza, rafu na vitabu. Nikiwa mweka hazina nawahakikishia kwamba kila shilingi ina stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi imechapwa kurasa za mwisho za kijarida hiki. Isomeni, mkiona kosa nipigieni.

Nina ombi moja la ziada. Rafu moja katika chumba kile tumekubaliana iwe ya Tanga. Ukienda kwenu, fungua masanduku. Daftari la kodi, picha ya bendi, barua ya shambani, kadi ya klabu, hata hati ya zamani ya mkataba. Tutatoa nakala na kukurudishia chako. Daftari la bibi litakuwa la kwanza.

Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza vilevile, na bei ya mkonge ikaondoka nayo. Sisi tulioondoka tunaweza kurudi, japo kwa mchango na kwa karatasi moja kutoka kwenye sanduku la nyumbani. Mkataa kwao mtumwa.

Karibuni harambee, na karibuni Tanga.