Makaburi ya Baabur-Rahmah, Baytul-Maqdis

Watoto wetu madrasa hufunzwa Sayyidul-Istighfaar waisome asubuhi na jioni. Aliyeipokea kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) na kuifikisha kwetu, kama ilivyo katika Swahiyh Al-Bukhaariy, ni Swahaba Shaddaad bin Aws (Radhwiya Allaahu 'anhu), mtoto wa ndugu yake Hassaan bin Thaabit. Alifariki Baytul-Maqdis mwaka 58 H, na kaburi lake linajulikana katika makaburi ya Baabur-Rahmah.

Makaburi haya yamo nje ya ukuta wa mashariki wa Msikiti wa Al-Aqswaa, yakielekeana na Mlima wa Zaytuni. Mlango wenyewe una matao mawili, la Rehema na la Toba, nao umezibwa kwa mawe kwa karne nyingi. Hapo pia hutajwa kaburi la 'Ubaadah bin Asw-Swaamit (Radhwiya Allaahu 'anhu), mmoja wa waliotoa bay'ah ya 'Aqabah na aliyetumwa na 'Umar kufundisha Qur-aan Shaam. Alifariki mwaka 34 H. Wanahistoria wengine wanasema alizikwa Ramlah.

Familia za Quds bado huzika hapo, lakini si kila mahali. Sehemu ya ardhi hiyo mamlaka za Israel zimeifanya hifadhi ya taifa na kuzuia maziko, na mwaka 2018 kulitokea mvutano mkubwa kwa ajili hiyo. Kaskazini yake, karibu na Baabul-Asbaatw, yako makaburi ya Al-Yuusufiyyah. Oktoba 2021 yalichimbwa, mifupa ikaonekana, na mama mmoja akaling'ang'ania kaburi la mwanawe asiondolewe.

Maiti wa Kiislamu ana heshima yake. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza hata kukaa juu ya kaburi. Katika madhehebu ya Shaafi'iy tunayoyafuata wengi visiwani, ni haramu kufukua kaburi kabla maiti hajawa udongo, isipokuwa kwa dharura. Na ardhi iliyowekwa wakfu kwa maziko haijengwi, hata ikipita miaka mingi.

Anayejaaliwa kufika Quds, safari anaifunga kwa ajili ya Msikiti. Akipita makaburini awatolee salamu waliozikwa na awaombee. Haja zake amuombe Allaah, wao asiwaombe.

Na tusidhani jambo hili ni la Quds tu. Makaburi mengi kwetu ni wakfu wa mdomo: babu alisema, majirani walisikia, karatasi hakuna. Mzee akiondoka, mpaka nao unaondoka. Wa Unguja na Pemba waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Jamaa zetu walioko bara, Singida na kwengineko, waanzie ofisi ya BAKWATA ya wilaya. Waende na mashahidi wangali hai.

Wa-Allaahu A'lam.