Kwa Nini Mtoto Hushikamana na Mama? Mikondo ya Saikolojia na Utafiti wa Buganda

Saikolojia ni taaluma inayochunguza akili na mwenendo wa binadamu. Kama sayansi inayojitegemea, kwa kawaida huhesabiwa tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Baadaye wanasaikolojia waligawanyika katika mikondo mbalimbali. Insha hii inaitazama baadhi ya mikondo hiyo kupitia swali moja: kwa nini mtoto mchanga hushikamana na mama yake?

Sigmund Freud wa Vienna, mwasisi wa mkondo wa uchanganuzi wa nafsi, aliamini kuwa binadamu huongozwa na matamanio asiyoyatambua. Kwake, mtoto humpenda mama kwa sababu titi humwondolea njaa na kumpa raha. Mkondo wa tabia, uliotangazwa na John B. Watson nchini Marekani mwaka 1913, ulitaka yachunguzwe yale tu yanayoonekana kwa macho. Kwa wafuasi wake, mtoto hujifunza kumhusisha mama na chakula. Katika kitabu chake cha mwaka 1928, Watson aliwaonya hata wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto. Mikondo hii ilipingana vikali, lakini yote miwili iliuweka msingi wa upendo katika kulishwa.

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyelelewa kitaaluma katika mkondo wa Freud, alilikataa jibu hilo. Alisema mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu wa kumlinda. Lakini dai hilo lilihitaji ushahidi kutoka majumbani.

Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby jijini London, alifika Uganda mwaka 1954. Akisaidiwa na mkalimani, alizitembelea mara kwa mara kaya 26 katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala, akafuatilia watoto 28. Aliona mtoto akitambaa mbali na mama, akichezea vitu, kisha akirudi kwake; akiogopa, humkimbilia. Aliona pia watoto walioshikamana na watu wasiowalisha, akiwemo baba. Aligundua kwamba utulivu wa mtoto ulihusiana na jinsi mama alivyomwelewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967 katika kitabu Infancy in Uganda.

Hata hivyo, vitabu vingi vya utangulizi huanza na jaribio lake la baadaye huko Baltimore, Marekani, na kuitaja Uganda kwa sentensi moja au kutoitaja kabisa. Matokeo yake, mwanafunzi wa Afrika Mashariki hudhani nadharia hii ilibuniwa ng'ambo, kisha ikaletwa kwetu. Historia inaonyesha vinginevyo: kabla ya chumba cha maabara, kulikuwa na akina mama wa Buganda waliomkaribisha mtafiti nyumbani na kumweleza habari za watoto wao. Walichokijua ni sehemu ya msingi wa nadharia hiyo, na chastahili kufundishwa hivyo.