Nyoka wa Mahindi: Kususa Kwake Chakula na Matunzo Yapasayo

Nyoka wa mahindi, ajulikanaye kwa wataalamu kwa jina la Pantherophis guttatus, ni nyoka asiye na sumu ambaye asili yake ni upande wa mashariki na kusini-mashariki ya Marekani, kuanzia jimbo la New Jersey hata visiwa vya Florida Keys. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, ndiye aliyemwandika kwanza katika mwaka wa 1766. Nyoka mkubwa aghalabu hufikia urefu wa sentimita 90 hadi 150, na akitunzwa vema huweza kuishi miaka 15 hadi 20. Na kwa upole wake, kwa uzuri wa mabaka yake mekundu juu ya ngozi ya rangi ya machungwa, na kwa wepesi wa kumlea, amekuwa miongoni mwa nyoka wafugwao zaidi majumbani huko Marekani na Ulaya.

Katika mambo yanayowatia wafugaji wake wasiwasi, hasa walio wageni wa kazi hiyo, machache hushinda kule kususa chakula. Walakini kususa si maradhi kwa dhati yake, bali ni dalili, na sababu zake nyingi hutokana na joto, majira, ugeni au chakula chenyewe, wala si ugonjwa. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mfugaji ni kuitafuta sababu kwa utaratibu, akianza na yaliyo nje ya mwili wa mnyama kabla ya kuyafikia yaliyo ndani yake.

Maumbile ya ulaji

Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake wenyewe kama ufanyavyo mwili wa ndege au wa mnyama anyonyeshaye, bali hulipata kutoka mahali alipo. Na kwa sababu hiyo chakula kimtoshacho ni kidogo mno kuliko kile ambacho paka au mbwa wa uzito uo huo angekihitaji. Kitoto hulishwa kila baada ya siku 5 hadi 7, na nyoka mzima kila baada ya siku 10 hadi 14. Mzima mwenye siha akiacha milo kadhaa mfululizo hadhuriki, madhali uzito wake haupungui na maji safi yapo. Bali kitoto kilichotoka yaini majuzi hakina akiba ya kutosha mwilini, na kususa kwake kwahitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Nyoka huyu huyatambua mawindo kwa harufu kuliko kwa jicho. Ulimi wake autoao na kuurudisha huokota chembe za harufu hewani na kuzifikisha kwenye kiungo kilichomo katika paa la kinywa, kiitwacho kiungo cha Jacobson. Tofauti na chatu, hana vishimo vya kuhisi joto mdomoni. Hivyo panya asiyenuka vizuri, ajapokuwa mnono, huweza kuwa mbele yake kana kwamba hayupo.

Sababu za kawaida

Iliyo ya kwanza kuchunguzwa ni joto. Upande mmoja wa kasha wapasa kuwa na nyuzi 29 hadi 31 za sentigredi, na upande wa pili nyuzi 22 hadi 24, ili mnyama achague mwenyewe. Pakiwa na baridi kila mahali, chakula hakisagiki tumboni, na huweza kuoza kabla ya kusagika. Basi nyoka akataaye kula katika hali hiyo hujilinda nafsi yake. Wengi hudanganyika kwa kuiweka themometa ukutani juu, ilhali nyoka hulala chini. Kipimo na kipimwe sakafuni, pale pale alazapo tumbo lake, na chombo cha kupasha joto kitawaliwe na themostati, kwani sakafu iunguzayo nayo humdhuru.

Ya pili ni kujivua gamba. Siku kadhaa kabla ya jambo hilo rangi ya mwili hufifia, na macho, ambayo kwa desturi hung'aa, huingia utando wa buluu kama wa maziwa, kwa kuwa umajimaji hukusanyika baina ya ngozi kuukuu na ngozi mpya, hata katika gamba lifunikalo jicho, maana nyoka hana kope. Kisha utando huondoka na macho huwa maangavu tena. Na baada ya siku chache nyingine nyoka husugua pua yake penye gome au jiwe hata ngozi ipasuke mdomoni, naye akatoka taratibu, akiiacha nyuma imegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa kuvutwa. Katika muda huo wote haoni vizuri na huwa mwepesi wa kushtuka. Wengi hawali, na si busara kuwashurutisha. Kinachofaa ni kibweta chenye karatasi nyevu ndani, ili ngozi itoke nzima, kisha kumletea chakula baada ya gamba kutoka.

Ya tatu ni majira. Katika nchi ya asili yake baridi ya Desemba na Januari humlazimisha nyoka kuingia mashimoni na kupumzika bila kula. Na desturi hiyo haikomi hata kwa yule aliyezaliwa ndani ya kasha lenye joto, bali mchana ufupikapo huweza kupunguza hamu yake au kuiacha kabisa. Madume, kadhalika, husahau chakula katika miezi ya masika ya kwao, kuanzia Machi hata Mei, wakimtafuta jike. Na jike mwenye mayai tumboni hukataa katika wiki za mwisho kabla ya kutaga, kwa kuwa mayai, ambayo aghalabu ni 10 hadi 30, huwa yamelijaza tumbo lake. Wafugaji wenye kuwazalisha ambao huwapoza nyoka wao kwa makusudi wakati wa baridi huacha kuwalisha muda wa wiki mbili hivi kabla ya kushusha joto, ili chakula kisibaki tumboni kikaoza.

Ya nne ni ugeni na khofu. Nyoka aliyetoka dukani au kwa mfugaji mwingine, akatiwa katika kasha asilolijua, astahili kuachwa kwa amani siku 5 hadi 7 angalau, bila ya kushikwashikwa, ndipo apewe mlo wa kwanza. Awe na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yenye kumbana kiasi cha kuzigusa mbavu zake, kwani utulivu wake hutokana na kuguswa pande zote. Kasha pana lisilo na kitu ndani, lililowekwa chumbani penye watoto, redio na mbwa, huonekana na mwanadamu kuwa ni fahari, bali kwa nyoka ni uwanja wa hatari.

Ya tano ni chakula chenyewe. Panya apewaye asizidi mara moja na nusu ya unene wa nyoka pale mwili ulipo mnene zaidi. Aliyezoea panya hai huweza asimtambue aliyekufa, na aliyezoea panya wa namna moja huweza kumdharau wa namna nyingine. Hata hivyo panya hai hapendekezwi, kwa sababu huuma, na nyoka asiye na njaa akiachwa naye usiku huweza kupata majeraha makubwa.

Namna ya kutoa chakula

Panya aliyegandishwa na ayeyushwe katika jokofu usiku kucha, kisha, akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, atiwe katika maji ya moto kiasi mpaka awe na joto kama la kiumbe hai. Asipashwe kwa maikrowevu, ambayo hupika sehemu moja na kuiacha nyingine baridi. Akaushwe, kisha ashikwe kwa koleo refu, wala si kwa vidole, na apelekwe karibu na maficho saa za jioni taa zikiwa hafifu, kwani huo ndio wakati wa nyoka huyu kuwinda. Asisukumwe usoni mwake. Mfugaji atazame ulimi: ukitoka haraka haraka, na shingo ikajikunja, hamu ipo, koleo litikiswe kidogo tu, na nyoka atarukia, aume, na kumzonga panya kwa mapindi mawili au matatu. Akigeuza kichwa na kurudi nyuma, basi amekataa, na panya aachwe karibu na maficho usiku huo, kasha likifunikwa kwa kitambaa. Asubuhi akikutwa hajaliwa atupwe, na jaribio lingine lisifanywe kabla ya siku 5 hadi 7 kupita. Kumletea kila siku humzidishia karaha, na karaha humzidishia kususa.

Vitoto visivyoanza kula

Kitoto hutoka yaini na urefu wa sentimita 20 hadi 30, naye hali mpaka ajivue gamba la kwanza, yapata wiki moja au zaidi kidogo baadaye. Mwituni mlo wake wa mwanzo huwa ni mijusi na vyura wadogo wa mitini, na kwa hiyo baadhi yao hawamjui panya kuwa ni chakula. Dawa iliyozoewa ni kukiosha kitoto cha panya kisicho na manyoya kwa maji, kukikausha, kisha kukisugua kwa mjusi wa jamii ya anoli ili kipate harufu yake, ambayo baadaye hupunguzwa mlo kwa mlo. Njia nyingine ni kumtia nyoka pamoja na panya aliyekufa katika kikopo kidogo chenye matundu ya hewa, ndani ya giza, usiku mzima. Wengi husalimu amri kwa njia hizo mbili.

Maradhi yenye kuogopewa

Kususa kukifuatana na dalili nyingine, shauri hubadilika. Ute mzito au usaha kinywani, fizi zilizovimba, pumzi yenye mlio na mapovu puani, kinyesi chenye damu, vijidudu vyeusi vya utitiri vitembeavyo kwenye kingo za macho, au jike anayehangaika asiweze kutaga: kila moja katika hayo ni ya tabibu wa wanyama mwenye kujua reptilia, tena kwa hima. Nyoka atapikaye mlo wake asipewe mwingine mpaka siku 10 hadi 14 zipite, kisha aanze na mdogo kuliko wa kwanza. Kutapika kunakojirudia pamoja na uvimbe katikati ya mwili huweza kuwa ni alama ya Cryptosporidium, kimelea ambacho hakina tiba ya kutegemewa na ambacho huenea. Nyoka huyo atengwe na wenziwe, na mikono na vyombo visafishwe.

Mizani na daftari

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji, na mwenye huruma huweza kudhani kuwa nyoka naye astahili kutiwa chakula kinywani. Jambo hilo lisifanywe na mtu asiyefundishwa: huumiza taya na koo, humtia mnyama khofu ya chakula, na ikiwa chanzo ni baridi ya kasha, mlo uliolazimishwa humdhuru zaidi ya njaa. Ni njia ya mwisho, mikononi mwa tabibu.

Kilicho bora kwa mfugaji ni mizani ya jikoni na daftari. Nyoka apimwe mara moja kwa wiki, na tarehe, uzito, joto la pande zote mbili, hali ya macho na kila mlo uliokubaliwa au kukataliwa viandikwe. Uzito ukisimama imara, subira ni halali hata kwa majuma mengi. Ukishuka kwa asilimia 10 au zaidi, subira hugeuka kuwa uzembe, na mnyama apelekwe kutazamwa pamoja na daftari lake. Siku atakapokubali kula tena, apewe panya mdogo kuliko wa desturi, aachwe saa 48 bila kushikwa, na kipimo chake cha zamani kirudishwe kidogo kidogo katika milo mitatu au minne ifuatayo.