AMIN MAANA YAKE MWAMINIFU: DHULUMA YA MTAWALA INAVYOFIKA MLANGONI KWA JIRANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nakuandikia kutoka Nyaishozi, Karagwe. Huku kwetu mpaka wa Uganda hauko mbali, na mzee wa Kagera ukimuuliza habari za Idi Amin atakusimulia vita: jeshi lililovuka mpaka Oktoba 1978, daraja la Kyaka lililovunjwa, ng'ombe walioswagwa, watu waliokimbia na watoto mgongoni.

Hayo tunayajua. Leo nataka tutazame uharibifu mwingine, ambao haukufanywa kwa mizinga. Ni kuvunjika kwa amana kati ya mtu na jirani yake.

Amin alichukua nchi kwa mapinduzi tarehe 25 Januari 1971. Mwaka huohuo kikaundwa chombo cha usalama kilichopewa jina la upole, Ofisi ya Utafiti ya Serikali, makao yake Nakasero, Kampala. Watu wake hawakuvaa sare. Walimchukua mtu mchana, wakamtia kwenye buti la gari, basi. Septemba 1972 walimtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ndani ya mahakama yake.

Sasa jiulize, msomaji wangu: majasusi hao walijuaje habari za kila mtaa? Waliambiwa. Aliyekuwa na deni alimsingizia anayemdai. Aliyetamani shamba alimsingizia mwenye shamba. Neno moja tu, "huyu ni mtu wa Obote", lilitosha. Basi watu wakajifunza kunyamaza. Mtu hamjui mgeni aliyekaa naye kwenye basi, hamwamini mfanyakazi mwenzake, na mbele ya watoto wake anachunga ulimi.

Katika Sunan ya Abu Dawud ipo hadithi yenye maana kwamba kiongozi akiwatafutia watu wake shaka, huwaharibu. Tazama, haisemi tu kwamba huwaumiza. Huwaharibu, yaani tabia zao zenyewe hubadilika. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah ametukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote katika aya moja. Uganda ya Amin ilionyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyofuatana.

Biashara nayo haikupona. Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka wakagawiwa watu wa serikali na askari, wale walioitwa "mafuta mingi". Wengi waliuza kilichokuwemo, na rafu zikabaki tupu. Duka si ukuta na bati. Duka ni mali kauli: mwenye ghala anakukabidhi mzigo kwa neno lako, nawe unamkopesha mteja kwa neno lake. Neno la mtu likikosa thamani, mali kauli imekufa. Kilichobaki kilikuwa magendo, na kahawa ikavushwa mipaka usiku.

Hapa ndipo baadhi yetu Waislamu hukasirika. "Ustadhi, Amin alikuwa Mwislamu, alitusaidia." Ni kweli, mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na majengo tulipewa. Lakini Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri, Mwislamu, aliuawa 1973. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa 1977. Risasi haikuuliza kibla. Makadirio ya waliouawa ni kuanzia 80,000 hadi 300,000.

Na nani alilipa? Kampala ilianguka Aprili 1979. Amin alikimbia, akaishi miaka mingi Saudia, akafia Jeddah mwaka 2003. Lakini kule Ankole, ng'ambo ya mto wetu, mwaka huohuo wa 1979 Waislamu wa kawaida, wakulima ambao hawakupewa duka wala cheo, waliuawa na majirani zao kwa kisasi. Damu yao ilikuwa haramu, na waliowaua walidhulumu. Lakini jua chanzo pia: miaka minane ya hofu ilikuwa imewafundisha watu kumtazama jirani na kuona kundi, si mtu.

Usiseme hayo ni ya Uganda tu. Kwetu hapakuwa na Amin, na silinganishi. Lakini mwaka 1976 serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, vikiwemo vya kahawa, na kazi yao wakapewa mamlaka za mazao. Vilikuwa na wizi, ndiyo. Lakini mkulima alinyang'anywa pia nafasi ya kumsimamia karani wake na kumwondoa. Sheria ya 1982 ilivirudisha. Sheria hurudisha chama kwa siku moja, ila imani ya mkulima kwa mizani hairudi kwa siku moja.

Mtume wetu (s.a.w.) aliitwa Al-Amin kabla ya wahyi. Makureshi waliomfanyia uadui walikuwa bado wanaweka amana zao kwake, na usiku wa Hijra alimwacha Sayyidna Ali ili azirudishe kwa wenyewe. Hiyo ndiyo maana ya jina lile.

Basi tufanye nini? Usimtetee dhalimu kwa sababu ya jina lake. Usipeleke maneno ya jirani kwa mwenye cheo ili umkomoe. Na ulinde vile vikundi vyetu vya kuzikana, ambamo Mwislamu na Mkristo hukutana kwenye msiba, huyu na kuni, yule na mkungu wa ndizi. Hesabu zake ziwe wazi, daftari lisomwe mbele ya wote. Usidhani ni jambo dogo. Uganda walipokosa hata hilo, mtu aliogopa kuuliza maiti ya ndugu yake iko wapi.

Ewe Mola, tujaalie tuwe watu ambao jirani zetu wanalala kwa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.