Distributa: Jinsi ya kuifunga na kurekebisha wakati wa cheche

Huko Ndera, mashariki mwa jiji la Kigali, magari hupimwa moshi kwa utaratibu mpya ulioanza Agosti 2025 chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA. Kwa mwenye gari la petroli la miaka ya 1990, matokeo ya kipimo hicho yanaweza kutegemea kifaa kimoja: distributa.

Distributa hupokea umeme kutoka kwenye koili na kuugawa kwa kila plagi kwa zamu. Cheche ikichelewa, gari hupoteza nguvu, hula mafuta na injini hupata joto kupita kiasi. Ikiwahi mno, injini hugonga na pistoni zinaweza kuharibika.

Hufungwaje?

Kabla ya kuitoa, fundi hutenganisha betri, huziwekea nyaya za plagi namba, kisha huchora alama ya mahali rota inapoelekea na ya mkao wa distributa yenyewe.

Wakati wa kuirudisha, pistoni ya silinda ya kwanza huletwa juu kabisa katika hatua ya kubana hewa. Hapa ndipo wengi hukosea. Krankishafti huzunguka mara mbili kila distributa inapozunguka mara moja, hivyo alama ya puli hufika kwenye sifuri mara mbili. Kidole kikizibishwa kwenye tundu la plagi, msukumo wa hewa huonyesha ipi ndiyo sahihi. Kisha rota huelekezwa kwenye waya wa silinda ya kwanza. Katika injini nyingi za silinda nne, zamu ni 1-3-4-2, kwa kufuata upande inakozunguka rota.

Kupima kwa taa

Boliti hukazwa kidogo tu, injini ikapashwa moto, na taa ya taimingi ikaunganishwa na waya wa kwanza. Katika injini ya Toyota 4A-FE, vituo vya TE1 na E1 huunganishwa kwanza ili kompyuta isibadilishe wakati wa cheche. Distributa huzungushwa taratibu hadi alama isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Boliti ikishakazwa, kipimo hurudiwa, kwani kukaza kwenyewe kunaweza kuisogeza.

Kwa nini sikio halitoshi?

Baadhi ya mafundi huzungusha distributa hadi mlio uwapendeze. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini huvumilia cheche inayowahi bila kugonga. Gari hilohilo likiteremka hadi Dar es Salaam, hewa nzito hujaza silinda, na kasoro iliyofichwa na milima hujitokeza likiwa limebeba mzigo, mbali na gereji. Alama iliyo kwenye puli haibadiliki kwa mwinuko, sikio hudanganyika.