Madalali wa Wapagazi wa Bagamoyo

Katika karne ya kumi na tisa, kabla reli haijapenya bara, hapakuwa na kitu kilichotafutwa Bagamoyo kwa pupa kuliko bega la mtu. Kwani majora ya nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba zilizovushwa kutoka Unguja hazikuwa na faida kubwa mpaka zifike Tabora au Ujiji, na katika nchi ambayo mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, tajiri hakuachiwa njia nyingine ila mgongo wa binadamu. Mpagazi alichukua aghalabu frasila mbili, yaani kadiri ya ratli 70, mbali na mkeka wake, chungu na posho. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi walioshuka pwani na pembe za ndovu, na kwao safari haikuwa fedheha bali heshima ya kijana anayetaka kuhesabiwa mtu mzima.

Kuwapata watu hawa ilikuwa kazi ya madalali, nayo ilikuwa kazi ya haraka na roho juu. Msafiri alitaka kuondoka kabla masika hayajaufurisha mto Kingani. Mnyamwezi alitaka kuwahi kwao msimu wa kulima. Na misafara kadhaa iliweza kuwagombania watu wale wale kwa wakati mmoja, hali dalali ameshawaahidi matajiri wote. Hakuna aliyejitwika mzigo pasipo arubuni, na arubuni ilitolewa kwa nguo, doti baada ya doti, kila doti shuka mbili, kila shuka mikono minne, ikipimwa toka kiwiko hata ncha ya kidole. Na kila mtu ajua kwamba mikono ya makarani hailingani.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliyaonja hayo mwaka 1871, alipokuwa akienda kumtafuta mmisionari Livingstone. Mtu wa kwanza aliyemwahidi wapagazi hakutimiza, na siku zikapita bure. Ndipo Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, alipomwelekeza kwa kijana wa miaka ipatayo 20, ambaye wanahistoria wanamtambua kuwa ni Sewa Haji Paroo. Kijana yule aliwapata watu, lakini Stanley aliandika katika kitabu chake malalamiko marefu juu ya hila zake, akidai kuwa nguo alizotozwa kwa kila mpagazi zilizidi zile zilizomfikia mpagazi mwenyewe. Msafara ulitoka kwa mafungu matano, la kwanza tarehe 18 Februari na la mwisho, alilokuwamo Stanley, tarehe 21 Machi, hata masika yakamkuta njiani na tope la Makata likamtesa.

Utoro ndio uliokuwa maradhi ya biashara hii. Mmoja aliugua, mwingine alisikia habari za vita vya mtemi Mirambo huko Unyamwezi akaona heri aishi, wa tatu alipewa arubuni nono zaidi na msafara wa nyuma. Asubuhi mzigo ulikutwa chini na mwenyewe hayupo, na mnyapara akabaki kugawa ratli zile juu ya vichwa vya waliosalia, jambo lililozidi kuwashawishi nao watoroke. Hasara ilimwangukia aliyekodi. Sisemi kwamba dalali aliufurahia utoro, maana jina lake liliharibika nao. Bali nasema hesabu zake hazikuumia kama za msafiri, kwa kuwa yeye alilipwa kwa idadi ya vichwa, na kila nafasi iliyoachwa wazi ilikuwa haja nyingine ya dalali. Palipo na mpango wa namna hiyo, hakuna anayeona sababu ya kuuliza kwa nini watu hawakai.

Sewa Haji alitajirika mno. Akawapatia wapagazi wafanyabiashara, wamisionari na hata Wajerumani. Mwaka 1892 alitoa jengo la shule Bagamoyo, akatoa mali pia kwa hospitali ya Dar es Salaam, ndiyo maana hata leo pana wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Alifariki mwaka 1897, na biashara yake ikaendelezwa na Allidina Visram, ambaye alikwisha kutambua upepo unakovuma, akaeneza maduka yake mpaka Uganda.

Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora 1912, na bei ya bega ikaanguka. Upagazi wa safari ndefu ukafa, lakini udalali haukufa nao: mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kutafuta watu, SILABU, iliyowasomba manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali kama Kigoma na Songea kwenda mashambani. Safari hii hapakuwa na nguo za kupimwa kwa mkono. Palikuwa na mkataba, na sheria ya wakoloni iliyomfanya anayeacha kazi kabla ya muda wake kuwa mhalifu. Watoro walikuwapo vilevile.